Jedwali si kalenda ya kupanda

Wandugu, wale tuliomaliza pamoja na wale bado wako masomoni, leo naomba tusome karatasi moja. Si kitabu, si filamu. Ni jedwali. Linaitwa Visa Bulletin, linatolewa kila mwezi na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na hapa Goma kuna nyumba ambamo watu wananunua mega za simu juu ya kulitazama tu. Nataka kulikosoa, na nataka kutukosoa sisi tunaolisoma. Sizungumzi kwa kusikia: jina langu lilikaa ndani ya dosie miaka kumi na miwili, kisha likatoka bila mtu kuniambia.

Nianze na dosie yenyewe. Mjomba wangu, kaka ya mama, alichaguliwa kwenye loteri ya viza, akaenda Marekani mwaka 2002. Alipopata uraia, mwezi wa tatu 2009, akaandika ombi kwa ajili ya dada yake. Sheria yao inamruhusu raia kuomba ndugu yake, na watoto wa huyo ndugu ambao hawajaoa wala kuolewa na hawajafika miaka 21 wanaingia humo humo. Kundi hilo linaitwa F4. Mimi nilikuwa na miaka 11. Mdogo wangu wa kike alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mwaka 2012 jibu likakuja: ombi limekubaliwa. Mama, ambaye ni mjane, akachinja kuku.

Hakuna aliyetuambia kwamba kukubaliwa si viza. Ni nafasi kwenye foleni tu. Toka siku ile, kila jambo nyumbani likawa na jibu moja. Paa linavuja? Tungoje. Unataka kuoa? Ngoja, ukioa unatoka kwa dosie. Nilipomaliza lisanse ya agronomia, baba mdogo alinipa hekta moja upande wa Minova nipande kahawa. Mama akasema: «Mutoto yangu, kahawa ni ya miaka mingi. Ngoja kwanza, dosie iko inaenda.» Nikakataa shamba. Mtu aliyesoma miaka mitano namna ya kupanda, akakataa kupanda juu ya jedwali ambalo hata hakuwa amelisoma mwenyewe.

Sasa tulisome. Kwenye jedwali kuna makundi ya familia, kuanzia F1 mpaka F4, na mbele ya kila kundi kuna tarehe. Tarehe hiyo inasema: walioleta ombi kabla ya siku hii, zamu yao imefika. Buletini ya Oktoba 2025 iliandika Januari 2008 mbele ya F4, kwa nchi nyingi za dunia, Kongo yetu ikiwemo. Mama alipoona hivyo alifurahi sana. Alihesabu kwa vidole: Januari 2008 mpaka Machi 2009 ni miezi kumi na minne, basi mwaka ujao tunaenda.

Hilo njo kosa la kwanza, na si la mama peke yake. Tunasoma tarehe kama vile inatembea na kalenda ya ukutani, mwezi kwa mwezi. Haitembei hivyo. Mwezi wa kumi 2015, jedwali hilo hilo lilikuwa mwanzoni mwa 2003. Miaka kumi imepita ukutani, lakini kwenye karatasi imepita kama miaka mitano. Kwa mwendo huo, miezi kumi na minne ya mama ni zaidi ya miaka miwili. Kuna miezi ambapo tarehe haisongi hata siku moja, na kuna wakati inarudi nyuma kabisa, mtu aliyekuwa karibu kuitwa akajikuta yuko mbali tena.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hapo nalikosoa jedwali lenyewe. Watu wakiona 2008 mwaka 2025 wanasema: «Basi ni miaka kumi na saba. Nikiomba leo, nitaenda baada ya miaka kumi na saba.» Hapana. Jedwali linakueleza muda waliongoja wale wanaoitwa leo. Halikuambii wewe utangoja muda gani. Sheria ya 1990 iliweka viza 65,000 kwa mwaka kwa kundi la F4, dunia nzima, ukihesabu ndugu pamoja na mume au mke na watoto wake. Na hesabu za wizara hiyo hiyo za miaka ya karibuni zinaonyesha watu zaidi ya milioni 2 kwenye foleni hiyo. Gawanya wewe mwenyewe: ni zaidi ya miaka thelathini. Wengine watakufa, wengine watachoka na kuacha, kwa hiyo foleni inaweza kupungua kidogo. Lakini foleni inayosonga juu watu wamekufa ndani yake, je, tuiite inaenda vizuri?

Hesabu hiyo haimo kwenye jedwali. Ukiitaka unaitafuta kwingine. Kama mimi ningetoa bulletini ya kilimo inayowaambia wakulima siku gani wenzao walivuna mwaka jana, bila kuwaambia mbegu zimebaki ngapi wala mvua itaanza lini, wangenifukuza kijijini. Kalenda ya kupanda inasema: msimu A unaanza Septemba, msimu B unaanza Februari, tayarisha shamba. Inamsaidia mtu kuamua. Visa Bulletin ni orodha ya waliokwisha kuvuna. Ni ya kweli, sikatai. Lakini haikuandikwa kwa ajili ya mtu wa Ndosho anayetaka kujua kama atengeneze paa.

Tena jedwali lina watoto wasioonekana. Tarehe ni ya mzazi, lakini mtoto anakua. Kuna sheria yao ya 2002 inayomlinda mtoto kidogo: inaondoa kwenye umri wake muda ule ombi lilikuwa linachunguzwa. Kwangu ilikuwa miaka mitatu, toka 2009 mpaka 2012. Basi nilipofika miaka 24, mwaka 2021, nilikuwa nimekwisha. Hakuna barua iliyokuja. Mwaka huo huo, na mwaka uliofuata, bado nilikuwa namwambia msichana niliyempenda tungoje kwanza. Niligundua mwishoni mwa 2022, usiku, nikisoma sheria hiyo kwenye simu polepole na kamusi pembeni. Nilikaa siku tatu ndio nikamwambia mama. Yeye hakulia. Aliuliza tu: «Na ule wa dola 150?»

Ule wa dola 150 alikuwa komisioneri mmoja wa hapa mjini. Alituambia anajua watu, anaweza kusukuma dosie. Simtaji, na wako wengi. Nawaambia tu ndugu zangu: tarehe ya F4 haisukumwi. Si ubalozi wa Kinshasa unaoiamua, si mwanasheria, si mchungaji. Mtu anayekuomba pesa ya kuisogeza anakuuzia mvua.

Sasa tuje kwenye siasa. Foleni, hata ikiwa ndefu, ina kanuni. Lakini mara kwa mara mtu mmoja anatia sahihi, na mlango wote unafungwa. Aprili 2020, wakati wa Covid, Rais Trump alisimamisha viza za uhamiaji za makundi mengi, F4 ikiwemo, na amri hiyo ilikaa mpaka Biden alipoiondoa Februari 2021. Januari 2025 ikaja nyingine, na hiyo sisi wa Goma hatuwezi kuisahau. Trump alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, amri ikaanza kazi tarehe 27 Januari. Tarehe 27 Januari 2025! Siku ile tulikuwa tumelala chini sakafuni, M23 inaingia mjini, risasi zinapita juu ya mabati. Watu wetu walikuwa wanakimbia siku ile ile mlango wa wakimbizi ulipofungwa. Na Wakongomani njo walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokelewa Marekani mwaka wa fedha 2024. Kiwango cha juu kilikuwa watu 125,000 kwa mwaka wa fedha 2025. Kwa 2026 kiliwekwa 7,500, na nafasi nyingi kati ya hizo waliwekewa Waafrikana, wazungu wa Afrika Kusini.

Kisha Juni 2025 likaja tangazo la kuzuia raia wa nchi kumi na mbili, na kati yao «Kongo». Mnakumbuka? Simu zililia usiku kucha. Mama alinipigia akitetemeka. Ilikuwa Kongo-Brazzaville, si sisi. Tulishangilia. Baadaye niliona aibu kwa kushangilia, maana ng'ambo ya mto kuna mama mwingine mwenye dosie kama ya kwetu. Na majirani zetu Waburundi nao walikuwa kwenye orodha ya pili, ile ya nchi saba.

Mtu atanijibu: kila nchi ina haki ya kuchagua nani aingie. Kweli. Hata sisi tuna mipaka yetu. Sidai kwamba Marekani ina deni la kunipa viza, na sitamsema vibaya mjomba. Minerval yangu ya miaka mitano ilitoka mfukoni mwake, kwa kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Ninachokosoa ni kitu kimoja: kuwaambia watu «umekubaliwa», kisha kuwaacha ndani ya neno hilo miaka kumi na tano bila kuwaambia hesabu. Nchi ikitaka kusema hapana, iseme. Hapana inamwacha mtu atengeneze paa lake.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo. Wamarekani hawakunikataza kupanda kahawa. Sisi njo tumegeuza kungoja kuwa kazi. Nenda Katindo, nenda Majengo, utakuta walisansie wanaoulizwa wanafanya nini, wanajibu: «Niko na dosie.» Tunasema hivyo kama mtu anavyosema yeye ni daktari. Tunaogopa kuanza kitu kidogo hapa juu kitaonyesha kwamba hatuendi. Na najua kwa nini. Uwanja wa ndege ulifungwa Januari 2025, benki zikafungwa, kazi hakuna, na mwaka huo mtu wa Goma akitaka kwenda kwenye intervyu Kinshasa ilikuwa lazima kwanza atoke nchini mwake apitie kwa majirani. Mahali kama hapa, dosie inakuwa kitu pekee mkononi kinachofanana na kesho. Sicheki mtu yeyote. Nilikuwa hivyo.

Ila shambani tulifundishwa jambo ambalo bibi zetu walilijua kabla yetu. Arabika inaanza kuzaa vizuri baada ya miaka mitatu au minne. Hakuna mkulima wa Kivu anayekaa miaka hiyo yote akitazama miche. Katikati ya mistari anapanda maharagwe, na baada ya miezi mitatu watoto wanakula. Maharagwe hayazuii kahawa kukua. Wala hayamaanishi kwamba ameikatia tamaa kahawa. Sitasema ile hekta ya Minova ingeniokoa. Vita imepita kule pia. Lakini ningekuwa nimepanda.

Ninaandika haya juu ya mdogo wangu. Ana miaka 17, amemaliza humanite mwaka huu, anataka kusoma famasia. Yeye bado yumo kwenye dosie, na tukihesabu vizuri anaweza kuitwa kabla ya kupitwa, kama hakuna amri nyingine itakayofunga mlango, na kama mjomba atakuwa hai, maana mwenye kuomba akifa, kwa kawaida ombi linakufa naye. Mama alisema haina faida kulipa minerval ya chuo ambacho mtoto ataacha njiani. Pesa iliyoko ni ile aliyoweka kwa ajili ya viza, dola 325 kwa kila mtu, bila kuhesabu daktari na safari.

Tumebishana wiki mbili. Nilimpa kalamu, nikamwomba ahesabu mwenyewe: miaka kumi ya ukutani, miaka mitano ya karatasi. Akahesabu mara mbili. Akanyamaza. Jumatatu asubuhi alimpa mdogo wangu pesa ya inskripsyo, akamwambia: «Enda ujiandikishe. Viza ikikuja, itakukuta darasani.»

Mimi nimeanza miche ya kabichi na vitunguu nyuma ya nyumba, ndani ya magunia juu ya mawe ya volkano. Mwezi ujao jedwali litatoka tena, na mama atanituma nilitazame. Nitalitazama. Kisha nitaenda kumwagilia.