Bundi na Mfuata Mvua katika Chozi la Heri

Muulize yeyote aliyesoma Chozi la Heri kwa ajili ya KCSE akutajie tamathali za usemi zilizomo. Atakupa tashbihi, tashihisi, taswira ya moshi, na bila shaka atakupa bundi. Ndivyo miongozo ilivyomfunza: tambua mbinu, toa mfano, chukua alama zako, songa mbele. Na kusema kweli, riwaya hii ya Assumpta Matei inawapa waandishi wa miongozo kazi ya kutosha. Methali zinabanana, wakati mwingine mbili kwa jambo moja, na kuna kurasa ambapo msimulizi anaongea kama mzee wa harusi aliyepewa kipaza sauti. Nyingine ningezifuta bila huruma. Lakini sitiari inayoibeba riwaya haimo katika pambo hilo. Imo vinywani mwa watoto, nayo ni maneno mawili tu: mfuata mvua.

Ridhaa ni mtoto mgeni shuleni. Wenzake wanamkataa mchezoni na kumwita hivyo. Analia, mamake anambembeleza, maisha yanaendelea. Anasoma hadi anakuwa daktari, anaoa, anajenga, anawafaa majirani. Kisha unakuja uchaguzi, na jirani yake wa miaka mingi, Mzee Kedi, anahusika katika kuiteketeza familia yake. Terry, mkewe, anaangamia humo. Mwanawe Mwangeka anapona kwa sababu yuko nchi za mbali, akilinda amani ya watu wengine.

Sasa litazame lile tusi. Kwani nani hafuati mvua? Mkulima anaifuata, mfugaji anaifuata, na huyo anayejiita mwenyeji, kuna babu yake aliyefika hapo akitafuta pahali panaponyesha. Sitiari inachukua jambo la kila mtu na kulifanya aibu ya mmoja. Halafu mvua ni ya msimu. Ukishamwita mtu mfuata mvua umesema hana udongo, ana msimu tu. Na msimu ukiisha? Watoto hawakumalizia, lakini kila aliyewasikia alijua sentensi inakoelekea. Mzee Kedi ndiye aliyekuja kuimalizia.

Sitiari za namna hii huficha kitenzi ndani yake, na sisi Wakenya tunazijua vizuri mno. Katika Bonde la Ufa, tangu ghasia za mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wa jamii nyingine waliitwa madoadoa. Doa hufanywa nini? Husuguliwa, hutolewa, na nguo yenyewe inachukuliwa kwamba ilikuwa safi kabla halijaingia. Wengine waliitwa kwekwe. Kwekwe hung'olewa, na anayeipalilia haitwi muuaji, anaitwa mkulima hodari. Mwanasiasa hahitaji kusema "fukuza" wala "ua". Nomino inamfanyia kazi yote, naye akiulizwa atasema jameni, mimi nilikuwa nazungumzia shamba tu. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Ilichukua hadi 2022 kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa kutoa orodha ya maneno ya chuki yenye madoadoa na kwekwe ndani yake.

Ndiyo maana nina ugomvi na bundi. Matei anamleta mapema, akilia usiku wa kuamkia maafa, na darasani tunampenda kwa kuwa ni rahisi: ishara ya mkosi, andika, alama moja. Lakini bundi anasema msiba uliandikwa mahali fulani, kwamba ulikuwa njiani tu kama mvua ya masika, na binadamu alichoweza ni kuusikia ukija. Anamwondolea Mzee Kedi nusu ya mzigo. "Mfuata mvua" inasema kinyume kabisa. Inasema chuki hii ilifundishwa, tena mapema, na watoto wale hawakuizua wao. Waliibeba kutoka nyumbani, kwenye meza ya chakula, pengine kwa mtu mzima aliyekuwa akicheka. Riwaya inashikilia maelezo yote mawili na haichagui. Mimi nasoma huo kama udhaifu wake mkubwa, ingawa najua wapo watakaosema ndivyo waliofiwa wanavyofikiri kweli: asubuhi unamlaumu jirani, usiku unamlaumu ndege.

Hata hivyo, kuna mahali Matei anachagua, na ni katika hadithi ya Subira. Hapa hakuna genge wala petroli. Kuna mavyaa tu, anayemwona mkaza mwanawe kuwa mtu wa kuja kwa sababu ya jamii alikozaliwa, na kumwambia hivyo siku baada ya siku ndani ya nyumba ambayo Subira amezalia watoto. Mwishowe Subira anajiondokea. Miongozo huiweka sehemu hii chini ya "ukabila" au "migogoro ya ndoa", chini ya maudhui, mbali kabisa na ukurasa wa tamathali.