Siti binti Saad: Sauti na Udongo

Katika vitabu vya Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad ni kimoja kinachosomwa kwa haraka mno na kufikiriwa kwa uchache mno. Ni kitabu chembamba. Mwanafunzi hukimaliza kwa siku mbili, na akiulizwa kinasema nini hujibu kwamba Siti alijaliwa sauti nzuri, akawa mashuhuri. Jibu hilo nimekutana nalo katika madaftari mengi, na kila mwaka hurudi likiwa na maneno yale yale. Ninaona linakidhulumu kitabu, ingawa kitabu chenyewe nacho hakikosi sehemu yake ya lawama.

Tutazame kwanza maisha yanayosimuliwa. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Siti ni jina la heshima alilolipata baadaye. Kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi, naye alivitembeza vyungu akiinadi bidhaa yake kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini. Hakuanza kusifiwa kesho yake. Alimpata mwalimu, Muhsin Ali, aliyemfunza kuimba na kufuatana na ala, akaketi kujifunza akiwa mtu mzima wa miaka ipatayo thelathini. Ndugu zangu mnaofundisha madarasa ya watu wazima mnajua ugumu wake: ulimi umekwisha kauka, na haya ni nyingi kuliko za mtoto. Kutoka mwaka huo hadi 1928, alipokwenda Bombay na wenzake kuimba katika santuri, ni miaka kumi na saba. Upande mmoja wa santuri za zama hizo ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo. Aliyezoea kuimba mpaka usiku wa manane hana budi hapo kupima kila pumzi, kama mwalimu aliyepewa robo saa kufundisha somo la saa nzima. Je, hiyo ni bahati?

Kwa wasomaji wa hapa kwetu Burundi, ufinyanzi huo si jambo la kupitwa kwa sentensi moja. Nchini kwetu, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Rwanda, chungu ni kazi inayohesabiwa kuwa ya Batwa, na aliyeifanya alidharauliwa pamoja na kazi yake. Nilipolifundisha somo hili darasa la wakubwa, kicheko kilipita nyuma ya darasa kwa neno ‘mfinyanzi’. Nilifunga kitabu, nikawauliza chungu hufanywaje. Hakuna aliyejua ila msichana mmoja, naye alieleza kwa sauti ya chini: udongo huchimbwa bondeni, huondolewa vijiwe, hukandwa mpaka ushikamane, chombo huinuliwa kwa mikono mitupu, huanikwa kivulini pole pole kisipasuke, ndipo huchomwa, na hata hapo motoni kimoja kibovu huweza kupasuka kikaharibu na vya jirani. Kwa maoni yangu maelezo yake yalikuwa uhakiki bora kuliko ule nilioandaa. Methali husema mfinyanzi hulia gaeni. Siti aliondoka gaeni, lakini uvumilivu wa kivulini alikwenda nao mjini.

Sasa niseme palipo na upungufu. Shaaban Robert alionana na Siti muda mfupi kabla bibi huyo hajafariki mwaka 1950, yaani alikuwa na bahati ambayo mwandishi wa wasifu huiomba. Hata hivyo, katika kurasa zake tunamsikia Shaaban zaidi ya Siti. Kila tukio huvishwa kilemba cha hekima kabla halijatembea hatua mbili. Lugha ni tamu, hilo halina shaka, lakini utamu wake humtukuza Siti mpaka jasho lake lisionekane, na mwanafunzi wetu akidhani yote yalishuka kutoka mbinguni, si kosa lake peke yake.

Upungufu huo huonekana zaidi katika mapenzi. Mwandishi huyu aliyajua mapenzi. Katika Maisha Yangu alimwombolezea mkewe Amina kwa shairi ambalo sijapata kulisoma darasani bila darasa kunyamaza. Humo kuna mtu, kuna nyumba, kuna kitu kilichokwisha. Kwa Siti moyo wa namna hiyo tunaonyeshwa kwa mbali tu. Mwanamke aliyeimba mapenzi ya watu usiku kucha, yeye mwenyewe alimpenda nani, na kwa gharama gani? Wasifu unatuachia sifa za tabia, tunabaki kukisia.

Liko jambo lingine ambalo walimu wa Kiswahili hatuna ruhusa ya kulipita. Taarabu ilikuja Unguja zama za Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Siti aliweza kuimba Kiarabu pia, ila santuri zilizomtangaza pwani nzima zilikuwa za Kiswahili, lugha ya wachukuzi na wauza vyungu. Huku kwetu, ambako wapo wazazi wanaokiona Kiswahili kuwa lugha ya sokoni na Kifaransa kuwa lugha ya ofisini, uamuzi huo unastahili kipindi kizima.

Napendekeza basi kitabu hiki kisifundishwe peke yake, bali pamoja na habari za wimbo wa Kijiti, mmoja wa nyimbo zake mashuhuri, unaohusu mwanamke aliyeuawa, mshitakiwa akakimbilia bara, na adhabu ikawaangukia wengine waliobaki Unguja. Hapo sauti nzuri inafanya kazi ya gazeti na ya baraza. Darasa langu lilipoisikia habari hiyo, mmoja aliuliza kwa nini waliobaki ndio walioadhibiwa. Kengele ililia, na hakuna aliyesimama.