Penzi la usukani na boila

Hadithi za watu wawili wa kazi waliokwama porini ni nyingi, na nyingi huanguka palepale: mwandishi anaiachia nyika imfanyie kazi yake. Mvua inanyesha, blanketi ni moja, simba ananguruma, basi wanakumbatiana. Anayetaka kuona jambo hili likifanywa kwa ufundi na aitazame tena The African Queen, filamu ya mwaka 1951 iliyoongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935.

Tuko Afrika Mashariki ya Wajerumani, 1914. Kijiji cha misheni kimechomwa moto na Rose Sayer (Katharine Hepburn) amemzika kaka yake, mchungaji. Charlie Allnut (Humphrey Bogart), fundi anayesambaza barua na mizigo kwa mashua ya mvuke, anamchukua. Ni Rose anayetoa wazo: washuke mto hadi ziwani, wakaizamishe meli ya kivita ya Wajerumani, Louisa, kwa mabomu ya kujitengenezea.

Mtego unategwa hapo. Tangu wazo hilo, hawa si mwokozi na mwokolewa tena. Kila mmoja ana kazi yake. Rose ameshika usukani, Charlie anachochea kuni kwenye boila na kuipiga teke pampu kila inapokwama. Mmoja akiacha nafasi yake, chombo kinakwenda mrama. Wamefungwa pamoja, na papo hapo wametenganishwa na majukumu.

Tazama usiku wa kwanza. Rose amelala chini ya turubai, Charlie yuko nje. Mvua kubwa inashuka, Charlie anajipenyeza ndani. Rose anashtuka na kumfukuza kwa ukali, naye anatoka. Kisha Rose anaona mvua ilivyo, anaelewa mwenzake alifuata nini, anamwita arudi. Basi, ni hayo tu. Mtazamaji ameingiwa na wasiwasi, ameona haya, akamhurumia mtu, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Mwandishi mwenye pupa angelimaliza penzi usiku uleule.

Ugomvi wao mkubwa ndio somo kuu la filamu hii. Charlie analewa, anamtukana Rose na kukataa safari. Asubuhi Rose anamwaga mtoni pombe yake yote, chupa baada ya chupa, kisha ananyamaza kabisa. Charlie ananyoa ndevu, anasafisha, anabembeleza. Anadhani kosa ni ulevi. Siyo. Rose amekasirika kwa sababu Charlie aliahidi kushuka mto na sasa anarudi nyuma. Ni lawama ya mtu kwa mwenzake wa kazi, na kwa kuwa ni ya kazi, inatuonyesha, kuliko tamko lolote la mapenzi, jinsi anavyomthamini mtu huyu.

Busu linakuja baada ya kupita ngome ya Wajerumani chini ya risasi na kuvuka maji ya kasi: wanashangilia kazi iliyofanikiwa, na shangwe inawaponyoka. Kesho yake ndipo Rose anamwuliza jina lake la kwanza. Hadi wakati huo alikuwa Bwana Allnut.

Hadithi nyingi hulegea hapa, penzi likishajulikana. Hii inaongeza uzito: shafti inapinda, rafadha inavunjika, nao wanaitengeneza ufukweni kwa moto. Halafu matete na ruba. Charlie anatoka majini akiwa amegandwa na ruba, anatetemeka, kisha anajua lazima arudi humohumo kuivuta mashua. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Kongo na Uganda, lakini matukio ya kuingia majini yalipigwa studio London kwa kuhofia magonjwa ya mtoni. Hofu ile, basi, haikuletwa na nyika. Imeletwa na uso wa Bogart.

Kasoro ipo, tena inaniuma. Ili wawili hawa wawe peke yao, wenyeji wamefutwa. Wanakijiji wanaonekana mwanzoni, kisha mto mzima unabaki kama hauna mwenyewe. Jina la mto huo, Ulanga, ni la mto halisi wa Tanzania, ambao maji yake huelekea Rufiji wala si ziwani, na kwenye kingo zake watu wanalima na kuvua. Upweke ungeweza kujengwa kwa njia nyingine, hata kwa wawili hao kujificha wasionekane na wenyeji.

Mwisho wa filamu unatofautiana na wa riwaya. Katika riwaya, Louisa haizamishwi na Rose na Charlie. Wanajeshi wa Uingereza ndio wanaoimaliza. Riwaya imewanyang'anya jasho lao, nami nakubaliana na alichofanya Huston. Mashua yao inazama kwenye dhoruba, wanakamatwa, nahodha Mjerumani anawafungisha ndoa wakiwa karibu kunyongwa. Ndipo Louisa inapoligonga gofu la mashua, na mabomu waliyoyaunda kwa mikono yao yanalipuka.