Kumimina na Kukabidhi: Maoni juu ya Istilahi za Kupeleka Faili

Tuliletewa rasimu ya mwongozo wa mafundi, uliofasiriwa kwa Kiswahili, ili tuikague lugha yake. Mwongozo huo unaeleza jinsi ya kupeleka faili kutoka katika kompyuta hadi katika kifaa kilichoungwa kwa waya wa mfuatano, kwa njia ya kuandika amri. Sarufi yake haina dosari kubwa. Hata hivyo, limo kosa moja la istilahi linaloweza kumtia fundi hasarani, nalo ndilo tunalokusudia kulijadili.

Kwanza, yafaa tumsifu mfasiri kwa kuchagua neno "mfuatano" badala ya "mfululizo". Katika waya wa namna hii, ambao kanuni zake ziitwazo RS-232 zilitolewa Marekani mwaka 1960, biti hupita moja baada ya nyingine kama watu walio katika foleni. Lakini kati ya herufi moja na ifuatayo waya waweza kukaa kimya. "Mfululizo" ungemfanya msomaji adhani kwamba hapana kituo.

Kosa limo katika kitenzi "kutuma", ambacho kimetumiwa kwa matendo mawili yaliyo mbalimbali. La kwanza ni lile la fundi wa Linux anayeandika "cat faili > /dev/ttyUSB0". Mfumo huo hukihesabu kifaa kuwa ni faili pia. Basi baiti humwagwa humo, na amri ikaisha. Hakuna aulizaye kama zimepokewa. Ikiwa kasi ya upande mmoja ni biti 9600 kwa sekunde na ya upande wa pili ni 115200, kifaa hupata takataka tupu. Ikiwa kifaa ni kizito wa kupokea, wala hakina njia ya kusema "ngoja", baiti nyingine hupotea.

Tendo la pili ni lile la itifaki ya XMODEM, iliyobuniwa na Ward Christensen mwaka 1977. Hapa faili hukatwa vipande vya baiti 128. Kila kipande huenda pamoja na hesabu ya kukihakiki, na mpokeaji hujibu ama kwamba kimefika salama, ama kwamba kirudiwe.

Sasa, fundi anaposoma "tuma programu kwenye kifaa", afuate njia ipi? Akichagua ya kwanza, huku kifaa kikingoja ya pili, programu haitaingia. Na pale ambapo kifaa hupokea chochote kijacho bila ya kukihakiki, programu yaweza kuandikwa nusu, na kifaa kisiwake tena.

Kwa maoni yetu, Kiswahili hakina upungufu hapa. Barua ya kawaida hutumwa. Barua ya rejista hukabidhiwa, na mpokeaji akatia sahihi. Hivyo twapendekeza "kukabidhi" kwa tendo la pili, na "kumimina" kwa la kwanza. Huenda wengine wakasema kwamba kumimina ni kwa maji na nafaka. Naam, na hiyo ndiyo faida yake: amiminaye nafaka katika gunia lililojaa ajua kwamba zitamwagika. "Kutuma" kubaki neno la jumla, lisilotumika katika maagizo.

Tunawakaribisha wasomaji, hasa mafundi wenyewe, watupe maoni yao.