Kona ya mwisho kabla ya kutua

Njia kuu ya kurukia ya Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, pale Kipawa, Dar es Salaam, imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na ncha zake zina namba 05 na 23. Kusi likivuma, huikata kwa ubavu. Sasa chukua rubani wa ndege ndogo anayezunguka upande wa Kitunda ili atue kwenye 05. Akikata kulia kuufuata mstari wa njia, upepo unamkaa mgongoni na kumsukuma kuliko alivyokadiria. Anapoanza kukunja kona ya mwisho, mstari umeshampita.

Anachofanya katika sekunde chache zinazofuata ndicho kinachoamua. Anaogopa kuilaza ndege zaidi akiwa chini, basi anakanyaga pedali ya kulia ili pua igeuke haraka. Ndege inataka kujilaza zaidi, anaizuia kwa kupeleka usukani kushoto. Pua inainama, anauvuta usukani kifuani. Kila kosa hapo linaonekana kama tahadhari, na ndiyo maana marubani wazoefu nao hunaswa.

Bawa hubeba ndege mradi hewa inalipita juu kwa utulivu. Likiinuliwa kupita nyuzi kama 16 dhidi ya hewa inayokuja, utulivu huo huvunjika, hata kama mwendo ni mkubwa. Cessna 172 iliyonyooka, flapu zikiwa zimefungwa, hufika hapo kwenye kilomita 89 hivi kwa saa. Ikilazwa nyuzi 45 bila kupoteza kimo, hufika kwenye 106. Nyuzi 60, kwenye 126. Katika kona yetu bawa la ndani linakwenda polepole zaidi, tena kibawa chake cha nyuma kimeshushwa na ule usukani wa kushoto. Ndilo linaloachia kwanza. Linadondoka, la nje bado linabeba, na ndege inaanza kuzunguka kama pia.

Mtu wa kwanza ambaye kujinasua kwake kutoka kwenye mzunguko kama huo kulirekodiwa vizuri ni Luteni Wilfred Parke wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza, Agosti 25, 1912, akirusha ndege ya Avro. Ilimponyoka kwenye futi kama 700. Alivuta usukani, akakanyaga pedali kuelekea ndani ya mzunguko, kama ilivyoaminika wakati ule. Haikusaidia. Akabadili, akakanyaga kinyume mpaka mwisho, na ndege ikatulia ikiwa futi 50 tu juu ya ardhi. Mwaka 1917 mwanafizikia Frederick Lindemann aliingia kwenye mzunguko huo makusudi, akisoma vipimo. Hatua za leo zinatoka huko: toa nguvu ya injini, weka vibawa katikati, kanyaga pedali kinyume cha mzunguko, sukuma usukani mbele.

Lakini tupige hesabu. Kitabu cha Cessna 172 kinasema mzunguko mmoja pamoja na kujinasua hula karibu futi 1,000. Kona ya mwisho hukunjwa kwenye futi 500 hivi. Parke alikuwa na ndege nyepesi na bahati kubwa. Rubani wetu hana kimo cha kutumia ujuzi huo, hata kama anaujua kwa moyo.

Kwa hiyo naona mkazo wa mafunzo uwe mapema zaidi, pale mstari unapopita. Nyoosha mabawa, sukuma nguvu yote, panda, mwarifu mwongozaji mnarani kwamba unazunguka upya. Na raundi ya pili uanze kukunja mapema, maana kusi bado linavuma.