Mji wa Maporomoko na Wageni Wake Watatu

Mgeni aingiapo katika mji kwa mara ya kwanza huona miji miwili: mji ulio mbele ya macho yake, na mji aliousoma vitabuni kabla ya kuja. Mara nyingi mji wa vitabuni humtangulia mlangoni, ukamshika mkono, ukamwonyesha yale tu yanayoupendeza. Hali hii ilinipata mimi Kisangani, na madhumuni ya makala haya ni kupima vitabu vitatu vilivyonitangulia huko, kisha kuuliza kama sisi wasomi wa Kiswahili tumevipima kwa mizani iliyo sawa.

Mji wenyewe kwanza. Kisangani uko karibu sana na mstari wa Ikweta, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, chini ya maporomoko ya Boyoma. Maporomoko haya ni saba, nayo yametandazwa katika mwendo wa kilomita 100 hivi. Toka mjini kwenda Kinshasa mto hupitika kwa vyombo, mwendo wa kilomita 1,700 na zaidi. Lakini hakuna chombo kiwezacho kupanda maporomoko, na kwa sababu hiyo ilijengwa reli ya kilomita 125 mpaka Ubundu. Msitu mkubwa umeuzunguka mji pande zote. Kwa hiyo mji huu ulizaliwa na kizuizi. Mahali meli zilipokoma ndipo misafara ya mashariki ilipokutana na wafanya biashara wa magharibi. Na hata leo, mtu akikaa sokoni saa moja, atasikia Kiswahili na Kilingala vikipokezana katika bei ya samaki mmoja. Jina la Stanleyville liliondolewa mwaka 1966. Maji hayakubadili mlio wake.

Mgeni wa kwanza katika vitabu vyangu ni Joseph Conrad. Alifika Maporomoko tarehe 1 Septemba 1890, katika meli ya mvuke, baada ya safari isiyotimia mwezi mmoja toka Kinshasa. Hadithi aliyoitoa katika safari ile, Heart of Darkness, ilianza kuonekana mwaka 1899. Wanafunzi wote wanajua jinsi Chinua Achebe alivyoishitaki mwaka 1975, kwamba imewafanya Waafrika kuwa pambo la kiza cha Mzungu. Sina haja ya kurudia mashitaka yale. Nataka kuongeza jambo moja ambalo huonekana zaidi na msomaji wa Kiswahili. Katika hadithi, safari imerefushwa ikawa miezi miwili, na mwisho wake ni nyumba ya Mzungu mmoja katikati ya nyika. Lakini Maporomoko ya mwaka 1890 hayakuwa nyika. Yalikuwa na soko, na mashamba, na watu wengi waliosema Kiswahili. Tippu Tip, aliyekubali mjini Unguja mwaka 1887 kuwa liwali wa mahali pale kwa niaba ya Mfalme Leopold II, alikuwa ameondoka mwaka ule ule, akamwacha jamaa yake, Rashid bin Muhammad, mahali pake. Conrad aliukuta mji, akaandika upweke. Ili apate giza alilolitaka, ilimlazimu kuwaondoa watu. Na miongoni mwa walioondolewa walikuwamo waliosema lugha hii tuisomayo.

Jambo hili hutupa furaha ya mtu aliyedhulumiwa aonapo ushahidi wake umetimia. Lakini furaha hiyo yafaa kungoja kidogo, maana mgeni wa pili ni wa kwetu.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, na kitabu kikachapwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Tunakifundisha kama mfano bora wa nathari ya zamani, na kweli ni bora. Sentensi zake ni fupi na nyepesi, hazina mapambo, kila moja hubeba mzigo wake na kwenda. Tena, tofauti na Conrad, kitabu hiki kimejaa majina. Machifu wana majina, vijiji vina majina, na wenyeji hubishana na mwandishi, humdanganya, hupatana naye. Mfanya biashara hawezi kukaa gizani. Lazima ajue anashughulika na nani.

Lakini tuulize majina haya yanafanya kazi gani. Mfano ulio mashuhuri ni ule wa Utetera, kusini ya msitu. Tippu Tip alipata habari ya dada ya chifu Kasongo Rushie, aliyechukuliwa mateka zamani. Akajitambulisha kuwa ni wa damu yake. Mzee akamwamini, akampa utawala. Mwandishi hafichi hila hii. Anaisimulia kwa utulivu wa mtu anayesoma hesabu. Kwa miaka mingi nimeisoma sehemu hii darasani, na kila mwaka wanafunzi wamecheka, nami nimecheka nao, kwa kustaajabia akili ya mzee wa Unguja. Sikuwahi kuwauliza wanafunzi wangu tunacheka tukiwa tumesimama upande gani. Maana hapa hadithi yenyewe imekuwa silaha: uchungu wa ukoo mmoja umefanywa ufunguo wa kuufungulia mlango wake. Na pembe katika kitabu hiki zimehesabiwa kwa frasila, ila watu waliozibeba aghalabu wametajwa kwa jumla tu. Conrad aliwafuta wenyeji kwa kutowataja. Tippu Tip aliwataja wale aliowahitaji. Makosa haya si sawa, lakini ni ndugu.

Mgeni wa tatu ni V. S. Naipaul, ambaye riwaya yake, A Bend in the River, ilitoka mwaka 1979. Mji hautajwi kwa jina, lakini mtu aliyesimama Kisangani hawezi kuukosa. Msimulizi wake, Salim, ni Mwislamu wa asili ya Kihindi kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki. Amekwenda bara kufungua duka kama wengi wa pwani walivyokwenda mbele yake. Salim huona kila jengo kama kitu kitakachomezwa na msitu, na wengi wamemlaumu Naipaul kwa kukata tamaa huko. Lawama hiyo ina haki. Hata hivyo kitabu kina mtu mmoja asiyekubali hukumu ya msimulizi wake: Zabeth, mchuuzi wa kijiji cha wavuvi, ajaye mjini kununua bidhaa dukani na kurudi kwao kwa njia ya maji. Salim hatimaye anakimbia. Zabeth ana njia yake, na njia hiyo Salim haijui. Naipaul alimwona mwanamke huyu, akafika naye ukingoni mwa maji. Hakupanda mtumbwi wake.

Siku ya tatu ya ziara yangu nilikwenda kuwatazama Wagenia, wavuvi wa maporomoko. Wamesimika miti mikubwa katika miamba, katikati ya maji yaendayo kasi, wakaifunga kwa kamba za msituni, na juu yake wametundika mitego iliyosukwa, mipana mdomoni na myembamba mkiani. Mzee mmoja alisikia Kiswahili changu akajua mara moja kwamba mimi ni mtu wa pwani. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nafundisha vitabu vya Kiswahili. Akauliza: “Na sisi, katika vitabu hivyo, tumesema nini?”

Nina shahada ya udaktari katika lugha hii, wala sikuwa na jibu.

Nililokumbuka pale ni karatasi ya mwanafunzi. Miaka kadha iliyopita kijana wa Kisangani alileta kwangu insha juu ya mto wa kwao, kwa Kiswahili cha kwao, kile kiitwacho Kingwana. Niliijaza wino mwekundu. Nilisahihisha viambishi, nikabadili maneno, nikampa alama ndogo, na sijui hata leo aliandika nini, maana sikuisoma, niliisahihisha tu. Conrad aliona msitu asione mji. Mimi niliona makosa nisione mto.

Ndugu wanafunzi, sisemi tumwache Tippu Tip. Nasema tumsome kwa sikio lile lile tulilomsomea Conrad, na tusiache kuuliza katika kila kitabu cha safari: mwenyeji amesema nini, na kwa lugha ya nani? Tena nasema kwamba kitabu cha nne cha mji ule hakikosi mwandishi. Kinakosa msomaji aliye tayari kuweka kalamu nyekundu chini mpaka afike mwisho wa ukurasa.