Viatu vya Bibi Vimeenda Wapi? Hesabu ya Picha Unazoagiza Mtandaoni

Msomaji, kabla hujaendelea, chukua simu yako. Fungua picha yoyote uliyoipiga, angalia taarifa zake, utaona namba mbili, mfano 4000 kwa 3000. Hizo ni pikseli: ngapi kwa upana, ngapi kwa urefu. Zishike hizo namba, tutazihitaji.

Sasa kisa. Mdogo wangu alipata kipaimara Njombe. Tukapiga picha ya familia mbele ya kanisa, simu imelazwa, bibi yuko katikati, miguuni kavaa viatu vipya alivyonunuliwa kwa ajili ya siku ile. Picha tukaagiza kwenye huduma moja ya mtandaoni, saizi ya inchi 4 kwa 6. Jina siitaji, maana kasoro hii si ya mmoja. Basi likashusha mzigo stendi ya Makambako, nikaufuata huko, kilomita kama 60 kutoka nyumbani. Bibi alipopewa picha aliitazama muda mrefu, kisha akauliza: "Viatu vyangu viko wapi?"

Familia nzima imekatwa kwenye vifundo vya miguu! Juu nako, msalaba wa kanisa haupo. Mjomba akatoa hukumu palepale: "Fundi kakata." Na mimi niliamini hivyo, mpaka nilipokaa chini na kalamu.

Gawanya 4000 kwa 3000, unapata 1.33. Huo ndio uwiano wa picha yako, na simu nyingi zinapiga hivyo kwa sababu kile kijipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera kimetengenezwa kwa umbo hilo, 4 kwa 3. Sasa gawanya 6 kwa 4. Unapata 1.5. Namba hazifanani. Picha moja, karatasi nyingine, na hakuna fundi duniani anayeweza kuzilinganisha bila kupoteza kitu, kuvuta sura za watu zipanuke, au kuacha nafasi nyeupe.

Ukiijaza karatasi ya upana wa inchi 6 kwa picha ya simu, urefu wa picha unatoka inchi 4.5. Karatasi ina 4 tu. Nusu inchi lazima iondoke: robo juu, robo chini. Hiyo ni sehemu 1 kati ya 9, yaani asilimia 11 ya picha yako. Na kwenye picha ya watu waliosimama, robo inchi ya chini ndiko viliko viatu. Simu ukiisimamisha wima mambo yanageuka: zinakatwa pembeni, na anayeumia ni yule aliyesimama mwisho wa mstari.

Utauliza, kwa nini karatasi zisitengenezwe kwa umbo la simu? Ni urithi. Oskar Barnack wa Ujerumani alichukua filamu ya sinema ya milimita 35 akaitumia kwenye kamera ndogo, fremu ikawa milimita 36 kwa 24. Kamera hiyo, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925 na umbo lake likaenea duniani. Gawanya 36 kwa 24: 1.5. Ile postikadi tuliyoizoea enzi za kupeleka filamu ikasafishwe ilikuwa inalingana na filamu kabisa. Filamu imeondoka, karatasi imebaki.

Hapo ndipo ukosoaji wangu unapoanza. Hesabu haina kosa. Kosa ni kuificha. Ukurasa tulioagizia ulituonesha saizi na bei, kisha kitufe cha kulipa. Hapakuwa na kisanduku cha kuonesha kitakachobaki na kitakachokatwa. Hatukuulizwa kama tunataka karatasi ijazwe au picha itoke nzima. Mashine ilichagua kujaza, tena kwa kukata juu na chini sawasawa, kana kwamba anga na viatu vya bibi vina thamani moja.

Najua utetezi wao: wateja hawapendi mistari myeupe pembeni, wanaona karatasi imepunjwa. Ni kweli, wapo. Lakini kumpendeza mteja mmoja si sababu ya kutomuuliza mwingine.

Wengine watasema tuweke akili bandia itambue sura na kukata kwa busara. Twitter walijaribu kukata picha kwa mfumo wa namna hiyo. Mwaka 2021 walitoa matokeo ya kuukagua: ulipendelea wanawake kuliko wanaume, na watu weupe kuliko weusi. Hitimisho lao lilikuwa kwamba namna ya kukata picha ni uamuzi unaofaa kuachiwa watu. Tena mfumo unaotafuta sura ungemsaidia nini bibi, ambaye hoja yake ni viatu?

Basi, mpaka huduma zibadilike, jilinde hivi.

Kwanza, linganisha uwiano kabla ya kuchagua saizi. Picha ya simu ya 4 kwa 3 kwenye inchi 5 kwa 7 inapoteza chini ya asilimia 5. Kwenye A4 inapoteza karibu asilimia 6. A4 ina siri nzuri: uwiano wake ni kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.414, na ukizidisha 4/3 kwa 3/2 unapata 2 kamili. Kwa hiyo A4 imekaa katikati kabisa ya simu na filamu.

Pili, ongeza nyeupe mwenyewe. Picha ya 4000 kwa 3000 iweke juu ya turubai nyeupe ya 4500 kwa 3000, pikseli 250 kila upande. Sasa uwiano ni 1.5, na mashine haina cha kukata. Labda itameza milimita chache za ukingo, maana wanaochapa bila ukingo huikuza picha kidogo ipite karatasi.

Tatu, unapopiga, rudi nyuma hatua moja. Acha ardhi chini ya viatu na anga juu ya vichwa. Na usichague 16 kwa 9 ukidhani unapata picha kubwa zaidi. Kwenye simu nyingi hapo kamera yenyewe imeshakata.

Nne, WhatsApp usiisingizie. Ukituma kawaida inapunguza pikseli, na dawa yake ni kutuma kama dokumenti. Lakini miguu haikati.

Mimi na wewe tunaweza kufungua simu tukaiona picha nzima tena. Bibi hana simu janja. Kwake picha ni ile iliyo kwenye fremu ukutani, na kilichokatwa hakipo. Niliagiza upya, safari hii na nyeupe pembeni, milimita kama 8 kila upande. Mjomba anasema karatasi imepunjwa. Bibi hajaongelea karatasi hata siku moja. Mgeni akiingia, anamwonesha viatu.